Mwendo wa Saa Moja kwa Ndege

Jumatatu, 6 Oktoba

Sare za shule tangu asubuhi. Kola, kola, kola. Sindano ya cherehani imekatika. Mdogo wangu Barisa alipiga simu nikiwa nimeinama natafuta kipande kilichoanguka. Anakuja Jumamosi. Nikamwambia sawa. Kipande sikukiona, kikanichoma mguu baadaye.

Jioni akanitumia picha kutoka simu yake. Uwanja wa ndege wa Nairobi, uwanja wa Malindi, mstari umepinda katikati, na chini yake umbali na muda. Saa moja na dakika tano. Hakuna salamu. Kaandika tu, "Umeona? Si mbali." Picha hii ameshanitumia huko nyuma. Ile ile. Hakujisumbua hata kutafuta nyingine.

Bakari ameniposa tangu kabla ya Ramadhani. Tangu kabla ya Ramadhani Barisa yuko mwendo wa saa moja.

Naandika ili hasira isiniingie kwenye nguo za watu. Leo nimeshona mkono wa shati la mtoto nje ndani.

Jumatano, 8 Oktoba

Bakari ameleta maembe ya Ozi sokoni, kisha akapita dukani. Hukaa kwenye benchi la wateja, mlango wazi, ili kila mpita njia amwone. Hana maneno mengi. Leo kasema, "Mimi nnangoja, Bi Habiba. Mto ndio haungoji." Mvua za juu zikianza, maji yatapanda, naye lazima awe Ozi kupandikiza mpunga. Anataka nikah ipite kabla ya hapo. Mimi pia nataka. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa sauti: nataka.

Akija Bakari, Mama hatoki chumbani. Kwake mtu wa jembe ni mtu wa jembe, hata akiswali mbele yake mara tano. Sisi ni watu wa ng'ombe, anasema. Nikamuuliza ng'ombe wako wapi. Walikwisha na ukame, na sasa tunakula kwa cherehani. Akageukia ukutani.

Na sheria ndiyo hii inayonitafuna. Mwanamke haozwi bila wali, mwanaume wa upande wa baba wa kumwoza. Baba hayupo. Ami zetu wamekwisha wote. Amebaki Barisa, mdogo wangu, niliyembeba mgongoni nikimfuta kamasi kwa ncha ya leso. Nina miaka arobaini na moja. Nimezika mume. Na siwezi kuolewa mpaka huyu aje akae kwenye mkeka aseme, "Nimekuoza dada yangu." Maneno matatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuja.

Nimepika tangu alfajiri. Pilau, mchuzi, maziwa ya mgando anayoyapenda. Mama alikaa nje kwenye mkeka wake, shingo juu. Kila ndege ikipita anasema, "Huyo ni Barisa." Nikamwambia hiyo ni ndege ya Lamu, inapita tu, haijui hata kama Garsen ipo. Akasema, "Wewe unajua kila kitu."

Simu ya Barisa ilizimwa hadi Magharibi. Ilipowaka, kulikuwa na mkutano wa ghafla kazini. Mkutano, Jumamosi.

Pilau nimewagawia majirani. Mmoja akauliza, mgeni hakufika? Nikamwambia amekwama kwenye wingu. Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Sina neno jema. Nimelala.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimempigia mimi. Nikamwambia, kama huna nafasi, mpe mtu uwakala kwa simu. Mpe imamu, mpe mwalimu wa madrasa, mpe yeyote unayemwamini. Dakika mbili tu, halafu rudi kwenye mikutano yako.

Kakataa. Eti dada yake mkubwa hawezi kuozwa kwa simu kama mtu asiye na ndugu. Eti atakuja mwenyewe, avae kanzu, akae mbele za watu. Wikendi ya Mashujaa, bila shaka yoyote. Tikiti ameshakata.

Kiburi kikivaa kanzu kinaitwa heshima. Nilimkatia simu.

Mama alikuwa amesikia yote. Akasema mdogo wako anakupenda. Kisha akachukua simu yake akaenda kuzungumzia uani. Siku hizi anapenda uani, anasema ndani mtandao haushiki. Mimi ndani unanishikia vizuri tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa. Hakuja.

Ndege imeahirishwa, anasema. Sijui. Sitaki kujua.

Kilichonichoma ni wazee wa Bakari. Wawili, ami zake, wamekuja kushuhudia. Walitoka Ozi giza bado, mtumbwi hadi Kipini, kutoka Kipini wakapata gari hadi Witu, Witu hadi Garsen. Wamefika Adhuhuri, kanzu zimejaa vumbi, wamekaa wima ukumbini kwangu wakinywa chai na kusubiri mtu wa saa moja. Hawana picha ya mstari uliopinda. Walitoka na wakafika.

Ilipoingia Alasiri yule mkubwa akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akaniambia, "asotaka hasemi sitaki. Husema naja." Bakari akamtazama kwa jicho la kumnyamazisha. Usimnyamazishe, nilitaka kumwambia. Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema kweli tangu mwaka uanze.

Mama hakutoka hata kuwasalimu. Nilimfuata chumbani nikamwambia maneno ambayo sitayaandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefunga duka, nimekwenda kwa kadhi. Peke yangu. Niliogopa njia nzima, nikajikasirikia kwa kuogopa.

Ni mtu mpole, mwenye miwani mizito. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akauliza nani amebaki upande wa baba. Nikamwambia huyu mmoja. Akauliza, amekataa? Nikamwambia hajakataa, laiti angekataa ningejua la kufanya. Anakuja. Kila siku anakuja.

Kisha akauliza swali nililolitamani bila kulijua. Yuko mbali gani?

Hapo akanieleza. Wali akiwa mbali, umbali ule ambao msafiri anaruhusiwa kupunguza swala, na hakuacha wakala, basi kadhi anaweza kushika nafasi yake akamwoza mwanamke. Si lazima angoje mpaka azeeke. Ila kwanza atampigia simu, ampe nafasi, amsikie kwa masikio yake.

Kumbe njia ipo. Nimeishi na njia hii kwenye dini yangu mwenyewe na hakuna aliyeniambia. Imamu hakuniambia, majirani wanaojua kila kitu hawakuniambia. Nimerudi dukani nimeshona hadi taa zikawaka.

Jumatano, 22 Oktoba

Niandike vizuri hii, nataka kuikumbuka.

Kadhi alimpigia Barisa mbele yangu, spika ya simu ikiwa wazi. Salamu ndefu, Barisa na ile sauti yake ya ofisini. Kadhi akamwambia dada yako anaolewa, ama uje ama utoe wakala, la sivyo wewe ni wali wa mbali na mimi nitamwoza.

Barisa akacheka kidogo. "Sheikh, mimi si wa mbali. Ni mwendo wa saa moja kwa ndege. Hata Mombasa kwa barabara ni mbali kuliko mimi."

Kadhi akamuuliza, "Ukitoka huko kuja Garsen kwa hiyo ndege, unapunguza swala?"

"Napunguza, Sheikh."

"Hata ukifika kwa saa moja?"

"Naam."

"Basi umejijibu. Umbali ni wa ardhi, ndugu yangu. Ukiuvuka kwa saa moja au kwa siku kumi, ni ule ule."

Nilitamani kupiga kigelegele ofisini kwa mtu. Miezi yote hiyo kanipiga kwa hiyo saa yake moja, na leo imemrudia mdomoni.

Kampa hadi Alhamisi ijayo, tarehe thelathini, baada ya Adhuhuri. Akija, ni haki yake, atanioza yeye. Asipokuja, kadhi ataendelea. Barisa kasema atakuja. Bila shaka.

Nimemweleza Mama. Akasema wali asipokuja hakuna ndoa, hata mtoto anajua. Nikamwambia muulize kadhi. Akasema kadhi si ndugu yako.

Jumapili, 26 Oktoba

Maji ya mto yamegeuka rangi. Kumenyesha huko juu. Bakari anasema mwisho wake ni Ijumaa, baada ya hapo mpunga utamshinda.

Mama anaumwa. Juzi magoti, jana kifua, leo ni kichwa. Daktari wa zahanati kampima, presha iko sawa kwa dawa zake. Chakula hagusi mbele yangu. Sahani naikuta tupu.

Leo kaniuliza, ukienda Ozi nani atanipikia. Nikamwambia Bakari amesema uje nasi, chumba kipo. Eti hawezi kufia kwenye tope na mbu. Nikamwambia basi nenda Nairobi, Barisa ana mke, ana nyumba, ni saa moja tu. Eti huko watu wanaishi juu ya watu. Nikamwambia basi sijui. Kweli sijui. Miaka sita tangu mume wangu afariki nimekuwa mikono yake na miguu yake, na Barisa amekuwa sauti kwenye simu inayouliza Mama hajambo. Ananiuliza mimi. Mimi ndiye ninayejibu hajambo. Zamu yake.

Nimechoka kuwa mtu mbaya katika nyumba hii.

Alhamisi, 30 Oktoba

Saa tatu asubuhi alipiga. Yuko uwanjani, anapanda.

Saa tano akapiga tena. Ameshuka Malindi, amepata gari.

Nilivaa. Mama hakunisaidia kuvaa. Alikuwa uani na simu.

Wazee wa Ozi wamekuja tena, vumbi lile lile. Bakari kavaa kanzu mpya iliyomkaba shingoni, mimi ndiye niliyeishona na nimekosea. Nilikaa chumba cha pili ofisini kwa kadhi, mlango wazi, nasikia kila kitu.

Baada ya Adhuhuri Barisa akampigia kadhi. "Niko Minjila, Sheikh. Dakika kumi."

Minjila! Kutoka pale njia panda unafika Garsen kabla chai haijapoa. Kadhi akasema mtu akifika Minjila si wa mbali tena, haki imerudi kwake, tumsubiri. Ni sawa. Ni sheria. Nilitaka kung'oa mlango.

Tukasubiri. Chai ililetwa. Tukasubiri. Wazee wakaanza kuhesabu tasbihi. Kila gari likipita nje, vichwa vyote vinageuka. Barisa hashiki simu. Mzee mdogo akasema labda gari limeharibika. Mzee mkubwa hakusema kitu, na mimi nikampenda kwa hilo.

Karibu na Alasiri sikuweza tena. Nilitoka nje nikamwita Dullah, yule wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka langu, nikamwambia nenda Minjila umlete mtu wangu, mrefu, mwembamba, ana begi la gharama. Akaenda. Akarudi peke yake, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Minjila hakuna msee kama huyo, mathe. Nimecheki stage yote. Nimeuliza mpaka wauza miraa. Hakuna gari ya Malindi imeshusha mtu wa hivyo leo."

Alisema kwa sauti. Kadhi alisikia. Akachukua simu, akapiga, akapiga tena, mpaka Barisa akashika.

"Barisa. Nakuuliza kama kadhi, si kama mpita njia. Uko wapi?"

Kabla hajajibu, nyuma yake tukasikia sote kondakta anaita abiria wa Eastleigh.

"Niko Nairobi, Sheikh."

Kadhi akaweka simu mezani. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. Hakumtukana. Akasema tu, tuendelee.

Niliulizwa kama nimeridhia. Nilijibu nimeridhia kwa sauti ambayo nadhani ilifika Minjila. Wazee wakashuhudia. Bakari akakubali, sauti yake ikakwama kidogo, labda ni ile kola. Basi. Ndoa yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko chai.

Sikulia. Nimeolewa nikiwa na hasira. Nadhani hata malaika waliona.

Nyumbani Mama akauliza, Barisa amekuja? Nikamwambia hapana, kadhi kaniozesha. Akakaa chini polepole, akishika ukuta. Akaniuliza inawezekana? Nikamwambia imewezekana. Akauliza tena. Hakunipa mkono, hakuniombea. Nami sikuomba dua kwake.

Ijumaa, 31 Oktoba

Amekuja.

Katoka Nairobi asubuhi, na kabla ya swala ya Ijumaa yuko mlangoni na begi lake. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Inawezekana. Siku zote hizo ilikuwa inawezekana.

Hakukaa. Eti nimemwaibisha mbele ya kadhi, Garsen nzima inacheka. Nikamwambia hukuaibishwa, ulijiaibisha, Minjila yako ndiyo inayochekwa. Nikamwambia niliacha shule ili wewe uendelee. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwosha Baba alipokuwa hajiwezi, wewe ulifika kwenye maziko ukiwa na viatu vinavyong'aa. Nikamwambia wewe si mwanaume, wewe ni ratiba ya ndege. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wao bila hata kujifanya wanafanya kazi. Wasikie. Nilipaza sauti zaidi.

Alinisikiliza. Hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nilipokata pumzi akasema, polepole, "Muulize Mama."

Nikamwambia Mama amefanya nini.

Akasema ile Jumamosi alikuwa uwanjani na begi. Mama akampigia. Usije. Wikendi ya Mashujaa vivyo hivyo. Uwakala alikuwa tayari kuutoa, Mama akamwambia akiutoa asimwite mama. Na jana Mama ndiye aliyempangia. Sema umepanda, sema umeshuka, sema Minjila. Kadhi atachoka, ataenda zake nyumbani, na wale wa Ozi watarudi kwenye mpunga wao na hawatakuja tena.

Mama hajui kusoma. Lakini alijua Minjila iko karibu kiasi cha kumzuia kadhi.

Nikamuuliza, na wewe ukatii. Akasema, "Ni Mama." Kana kwamba mimi nilizaliwa na mwingine. Na asijifanye malaika, hata yeye ilimfaa. Miezi yote hii amelala Nairobi bila wasiwasi kwa sababu mimi niko hapa. Nimemwambia hivyo.

Mama alikuwa chumbani. Ukuta wetu ni mwembamba.

Jumamosi, 1 Novemba

Usiku kucha nilitunga maneno. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kumuuliza kama aliona raha kunitazama nikipika pilau la mtu aliyemzuia mwenyewe. Kukaa pale kwenye mkeka, shingo juu, huyo ni Barisa, huyo ni Barisa. Kunitazama nikipakua na kugawia majirani.

Asubuhi niliingia kumpaka mafuta magotini. Hata leo. Mikono inakwenda yenyewe. Nikamuuliza, bila kumtazama, kwa nini.

Nilijiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa habari za ng'ombe na watu wa jembe.

"Ungeenda," akasema.

Nikamaliza goti moja, nikahamia la pili. Lina joto, limevimba kweli. Hilo hakudanganya.

Nina hasira na sijui niiweke wapi. Barisa nilikuwa nimemzoea. Nilimchukia vizuri, kwa utaratibu, kila siku. Sasa nimebaki na mwanamke mzee mwenye magoti.

Bakari kasema atangoja hadi Jumanne. Hakuuliza kulikoni. Ameleta dawa ya kuchua, akaiacha mlangoni.

Jumatatu, 3 Novemba

Barisa ana tikiti ya kurudi Jumatano. Leo kaniita, kaweka ile sauti ya ofisini. Eti nibaki kidogo, hadi mvua zipite, Bakari ataelewa. Halafu watatafuta msichana wa kukaa na Mama. Halafu tutaona.

Nimemwambia naondoka kesho.

Akasema, Jumatano mimi nasafiri.

Nikamwambia, mimi kesho. Panga siku zako.

Alinitazama akatambua. Atakayetangulia kutoka mlangoni ni huru, atakayebaki amebaki. Nimeishi kwenye hesabu hiyo miaka sita peke yangu. Nimeona uso wake ukibadilika na nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi. Furaha haikufika jioni.

Jioni nilimsikia anampigia mkewe. Kisha akapiga kazini kuomba ruhusa. Akaja kuniuliza dawa ya presha ni asubuhi au jioni. Nikamwonyesha. Akauliza uji ni mzito kiasi gani. Nikamwonyesha. Akauliza anakula upande gani wa mdomo. Sikujua kama najua, lakini najua. Wa kushoto.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeondoka.

Cherehani imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki ya Dullah, mimi na Bakari kwenye gari la Witu. Mama hakutoka. Nilipiga magoti mlangoni kwake nikamwambia nimekwenda. Akasema, "Umevaa viatu gani?" Nikamwambia vya mpira. Akasema huko kuna tope.

Barisa alisimama uani na mwiko mkononi.

Barabara ya Kipini ni mbaya. Mtumbwi ulitungoja.

Jumapili, 9 Novemba

Ozi. Mvua nyepesi tangu jana.

Nyumba ni safi. Dirisha la chumba linatazama migomba. Cherehani imefika salama, mguu mmoja umelegea kidogo. Mke wa mzee mkubwa ameniletea kitambaa, anataka gauni la mjukuu. Bakari yuko shambani tangu kuche, wanapandikiza. Ananiita mke wangu kwa uangalifu, anapima nitajibu vipi. Najibu.

Simu hushika ukipanda kilimani nyuma ya msikiti. Nilipanda jana. Barisa kasema Mama amekula. Kasema magoti yamepungua. Mkewe atakuja wiki ijayo. Nyuma yake nilimsikia Mama akiuliza ni nani. Barisa akasema ni Habiba. Mama hakuchukua simu, na mimi sikuomba apewe.

Bado nina hasira. Imepoa, haijaisha.

Leo niliamka kabla ya adhana. Ni wakati ule Mama huhitaji kushikwa mkono kwenda msalani. Nilikuwa nimeshashusha miguu chini, nimeshika taa. Bakari amelala. Nje vyura tu na maji. Nikakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, nikisikiliza, na hakuna aliyeniita.